Mheshimiwa Hasemi

Jumatatu, 2 Juni

Umekuja leo? Haya, kaa. Usiniambie barabara, usiniambie kazi, usiniambie miguu imevimba. Miguu ya kwenda kwa wengine haivimbi, ya kuja kwangu ndiyo inavimba! Najua ni wewe, mjukuu wangu, mke mwenzangu, kwa sababu hakuna mwingine katika ukoo huu anayethubutu kuinua godoro langu na kusoma daftari langu. Ukoo mzima una adabu isipokuwa wewe. Ndiyo maana nakupenda. Ndiyo maana nakusuta.

Ulisema utakuja kujifungulia kwangu. Ulisema kwa mdomo wako, umekaa kwenye kizingiti hiki hiki, unakula ukoko. Nikachana mashuka ya zamani nikapata nepi. Nikazifua, nikazikunja, nikazifua tena kwa furaha. Kisha mama yako akapiga simu. Akasema huendi popote, zahanati yenu haina maji, mzazi anaambiwa aje na ndoo yake. Nikamwambia hata yeye nilimzaa bila maji ya bomba. Akasema ndiyo maana. Akakata simu. Binti yangu wa kumzaa!

Lakini kweli ni kweli. Mota ya pampu ya kisima imeungua. Muuguzi anapanga ndoo mlangoni kama viatu vya wageni msibani. Na mwenye kusema ni nani? Mjomba wako. Mbunge!

Alipokuwa diwani alikuwa akisema mpaka karani wa halmashauri anaweka kalamu chini apumzishe mkono. Walimwita Chiriku. Akasema kalavati, tukapata kalavati. Akasema taa ya sokoni, ikawaka. Watu wakasema huyu tumpeleke juu. Tukampeleka juu. Tangu afike huko juu, kimya. Hata "naunga mkono hoja" hajasema. Mtu anayeunga mkono hoja hahitaji hata kufikiri!

Bi Pazia anafurahi. Huyo unamjua, jirani wa mbele, mshona mapazia, mwenye televisheni kubwa kuliko dirisha lake. Kaka yake ndiye mbunge wa zamani aliyeangushwa na mwanangu. Hajasahau, na mimi sitaki asahau. Bunge likianza anafungua mlango, sauti juu kabisa, anamwonyesha mjomba wako kwa mkasi. Yule pale nyuma ya nguzo. Anasinzia au anasali? Leo kaniita Mama Sanamu mbele ya wateja.

Wiki ijayo ni bajeti ya maji. Asiposema wiki ijayo, tungoje mwaka kesho. Mtoto aliye tumboni mwako hasubiri mwaka kesho. Lazima nifanye jambo.

Jumanne, 3 Juni

Nimepiga simu. Amepokea katibu wake, mwanamume mzima mwenye sauti ya mtu anayetembea huku anasema. Akauliza nataka kumwona Mheshimiwa kuhusu nini. Nikamwambia kuhusu kwamba nilimzaa. Akasema atafikisha ujumbe.

Mwanangu amepiga jioni. Nikamuuliza koo linauma? Hapana. Wamekukataza? Hapana. Unawaogopa? Akasema polepole, sauti ile ile ya alipovunja mtungi wangu akiwa mdogo, "Mama, nikisimama naangalia nyuma, sikuoni."

Nimekaa chini. Sasa, mke mwenzangu, nikuambie jambo ambalo hata babu yako alikufa halijui.

Miaka yote ya udiwani nilikuwa nakaa ukumbini, benchi la wananchi, karibu na mlango. Watu walisema mama anajivunia mwanawe. Nilikuwa kazini! Mjomba wako anajua kuanza, hajui kumaliza. Tangu utoto. Ukimtuma chumvi anakurudishia habari za duka zima, chumvi kaisahau. Kwa hiyo tulikuwa na alama zetu. Nikifunga kilemba upya, endelea, wamenasa. Nikikohoa, kaa chini, umeshapata, usiharibu. Lile kalavati nililikohoa mimi. Angesema neno moja zaidi tungelikosa, maana mwenyekiti alikuwa ameshaanza kuvua miwani.

Sasa huko bungeni, ananiambia, aliitwa mara ya kwanza. Akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, akageuka nyuma. Akaona ukuta wa mbao uliong'arishwa. Akasema, "Ninashukuru." Akakaa.

Nimezaa mbunge wa kushukuru.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata wazo zuri sana. Anachohitaji ni kilemba. Basi kilemba kiende, mimi nibaki na kuku wangu. Nikampigia mkaza mwana, yule daktari wa meno. Nikamwambia nitakutumia kilemba changu cha manjano, ukae juu kwa wageni, ukifunge na kukifungua, ukohoe nikuelekezavyo. Kazi ndogo.

Akasema ana wagonjwa wiki nzima wamefungua midomo wanamngoja. Akasema pia yeye si kinyago cha kufukuzia ndege shambani. Nikamwambia kinyago ni bora, kinakaa kinapowekwa. Akanitakia siku njema. Sipendi mtu anayekukatalia halafu anakutakia siku njema. Kama hutaki, nitakie mbaya tujue moja.

Jioni nimejaribu njia nyingine. Nimemwambia mwanangu asimame chumbani kwake, afumbe macho, anione mimi, aseme habari ya maji simuni. Nikaiweka simu juu ya kigoda. Ee! Maneno yakaja. Akasema ndoo, akasema muuguzi, akasema akina mama wajawazito wanashuka bondeni huku wameshika mgongo. Nikalia kidogo. Nikafunga kilemba. Kisha ikafika pale pa kuishia. Nikakohoa. Hakusikia, alikuwa anasema. Nikakohoa tena kama ng'ombe. Akaingia habari za miti, akaingia habari za madini, akaingia habari za babu yake. Nimepika, nimekula, nimeosha chungu. Simu ikazima chaji yenyewe kwa uchovu.

Sasa najua. Asiponiona, ama hasemi ama haachi. Kilemba peke yake hakitoshi. Lazima niende.

Alhamisi, 5 Juni

Katibu amesema nafasi za wageni wa Mheshimiwa kwa wiki ijayo zimejaa. Kuna ujumbe wa wafuga nyuki. Nikamuuliza, nyuki wana nafasi, mama hana? Akasema ni wafugaji, si nyuki. Nikamwambia najua tofauti, na mimi nauma pia. Akasema atafikisha ujumbe. Huyu mtu amefikisha ujumbe wangu wapi, jangwani?

Muuguzi ndiye aliyenifungua macho. Anasema wabunge waliostaafu wanaruhusiwa kuingia kutazama, na wanaweza kuchukua wageni. Nikamuuliza mstaafu gani tunayemjua. Akanitazama tu. Nikatazama ng'ambo ya barabara. Pazia la bluu linapepea mlangoni.

Afadhali ninywe siki!

Nimekwenda. Nimebisha hodi mwenyewe, kwa miguu yangu. Bi Pazia alikuwa anapinda pindo, wateja wamekaa. Nikamwomba kwa upole kaka yake anichukue. Akasema hana neno, ila kwanza niseme mbele ya hawa watu nani alikuwa msemaji zaidi, kaka yake au mwanangu. Nikasema kaka yako. Akasema cherehani inapiga kelele, hajasikia. Akaisimamisha. Nikasema tena, kaka yako. Mteja mmoja akacheka, nimemwandika moyoni.

Nikataka kuongeza kwamba kaka yake alisema pampu ikaja, akasahau kusema fundi wa kuitunza, ndiyo maana imeungua. Nikameza. Sijawahi kumeza kitu kikubwa hivyo.

Akauliza kwa nini nataka kwenda. Nikasema kumwona mwanangu. Si uongo. Akanitazama sana. Akauliza habari zako, na mtoto utamzalia wapi. Nikamwambia. Akakata uzi kwa meno. Akasema taratibu, wateja wasisikie, "Hata mimi ndoo imenichosha, jirani." Kumbe mkwewe alipojifungua yeye ndiye aliyebeba maji kutoka bondeni. Alipita mlangoni pangu na mimi nikajifanya namenya kitu.

Nikakaribia kumpenda.

Kisha akasema, lakini mbele nakaa mimi, wewe utakaa nyuma na majora ya vitambaa. Nikapona.

Jumatatu, 9 Juni

Safari! Sitaisahau mpaka kaburini, na huko nitaisimulia.

Gari la Mstaafu, kaka yake Bi Pazia, ni la zamani za ubunge wake. Ukifungua mlango mmoja, mwingine unajifungua kwa heshima. Dirisha la upande wangu lilianguka ndani ya mlango kabla hatujatoka hata kwenye kata yetu. Mstaafu akasema hewa ni afya. Njia nzima nimekula vumbi kama nimelipikiwa. Nikajifunika jora la pazia. Bi Pazia akageuka akasema nisilikunje, ni la mteja.

Mstaafu alikuwa anatusomea hotuba zake za zamani, anazijua kwa moyo. Anaanza na "Mheshimiwa Spika," halafu anatoa mkono kwenye usukani. Nikamwambia Spika hayupo barabarani, lori lipo.

Tumefika nyumbani kwa mwanangu koo limefunga. Sauti yangu imekuwa kama ya bawaba. Mkaza mwana akaniweka kwenye kiti, akanimulika kooni kwa tochi yake ndogo. Akasema vumbi na mafua, nipumzishe sauti, akanipa pipi za kifua. Akasema pia jino langu la nyuma ling'olewe. Sikumwomba.

Mwanangu ameingia. Amekonda! Suti inamvaa yeye. Aliponiona alisimama mlangoni na mkoba wake kama mtoto aliyefukuzwa shule, kisha akaja akaweka kichwa begani kwangu, mheshimiwa mzima na mvi zake. Nikamwambia kesho asubuhi jina lako liko kwenye orodha ya wasemaji? Akasema lipo, lipo kila siku, akiitwa huwa anashukuru. Nikamwambia kesho tazama juu. Akala sahani mbili. Mkaza mwana alishangaa, anasema siku hizi huwa anasukumasukuma chakula kama anatafuta pete.

Bi Pazia amelala chumba kimoja na mimi. Anakoroma kwa mtindo wa cherehani. Lakini maji ya moto ya kuvuta mvuke alinichemshia yeye.

Jumanne, 10 Juni

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Mlangoni askari wa kike akachukua mkoba wangu. Akachukua chupa yangu ya maji. Akachukua pipi zangu za kifua! Nikamwambia hizo ni dawa. Akasema ndani hakutafunwi kitu. Nikamwambia hazitafunwi, zinamumunywa. Akasema hakumumunywi kitu. Bi Pazia akapita na mkasi umo kwenye pindo la gauni na hawakuuona. Nchi hii inaogopa pipi.

Tukapanda juu kwa wageni. Mstaafu anasalimia watu wasiomkumbuka. Nikakaa mstari wa mbele kabisa, kilemba cha manjano, hata kipofu angekiona. Chini wamejaa, viti vya kijani, kila mmoja na kipaza sauti chake kama kikombe cha chai. Mwanangu kweli yuko nyuma ya nguzo. Bi Pazia hakudanganya. Hilo nalo liliniuma.

Waziri wa maji akasema, akasema, akakaa. Wakaitwa wengine. Kila mtu anaomba na kila mtu anaunga mkono. Koo langu linawasha. Namezameza mate. Nikasema moyoni, wewe koo, nimekulisha miaka yote hii, leo nisitiri.

Akaitwa. Akasimama. Taa nyekundu. Akageuka akatazama juu.

Nikafunga kilemba.

Mke mwenzangu, alifunguka! Chiriku wangu alirudi. Akasema kwao kuna zahanati ambapo mtoto anazaliwa akiwa na ndoo yake kabla hajawa na jina lake. Waliokuwa wanasoma magazeti wakayashusha. Nikafunga kilemba tena. Akasema habari za muuguzi anayenawa mikono kwa kikombe. Waziri akainua kichwa. Hata Mstaafu aliacha kusalimia watu. Akasema, "Kwa hiyo, Mheshimiwa Spika, ombi langu ni moja tu, ninaomba..."

Nikakohoa.

Mwanangu akakaa. Pu! Kama mzigo uliokatika kamba. Mota hajaitaja!

Spika akamwambia dakika zako bado, Mheshimiwa. Mwanangu akatazama juu. Nikashika kilemba haraka nikifunge, mikono iko kichwani, kikohozi kikaja tena. Akawa ameshasimama, akakaa. Nikafunga. Akasimama. Nikakohoa. Akakaa. Juu, chini, juu, chini, kama mpini wa pampu ya mkono. Wakaanza kucheka. Kwanza wale wa upande wa pili, halafu wa upande wake, halafu wafuga nyuki. Uso wa mwanangu ukawa vile ninavyoujua, midomo imekaza, yuko karibu kushukuru.

Bi Pazia akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaniangalia mimi. Yule mwanamke ni mshonaji, anajua uzi unakotoka. Akaninong'oneza, kumbe ni wewe unayemwendesha miaka yote hii. Akavuta kilemba changu kichwani, akanizibia mdomo nacho. Mbele za watu! Nywele zangu hadharani! Nikakiondoa. Nikasimama. Nikashika ukingo wa mbao. Nikapiga ukelele kwa ile sauti ya bawaba.

"Mwanangu, simama, ni mafua tu!"

Askari watatu. Sikujua wanawafundisha kukimbia hivyo. Wamenibeba juu juu, mmoja anasema bibi tafadhali, mwingine anasema bibi utaanguka, nami nawaambia mota, mwambieni mota. Mlango umefungwa nyuma yangu. Sikusikia tena kitu.

Nimekaa nje kwenye ngazi bila kilemba. Nimekumbuka zile nepi kabatini, nimezikunja vizuri. Nikasema basi, nimemharibia mwanangu, nimemnyima mjukuu wangu maji, yote kwa kinywa kimoja. Nikalia, nikakohoa, nikalia. Yule askari wa kike akaja akanirudishia pipi zangu. Nikampa moja. Akaimumunya.

Bi Pazia ametoka baadaye amenishikia kilemba. Nikamwambia usiniambie. Akakaa na mimi kwenye ngazi. Akaniambia.

Anasema Spika alimuuliza mwanangu kama anamfahamu yule mama. Kila mtu akajua atakana. Mwanangu akasimama, akatazama juu, kiti changu kitupu. Akasema, "Ni mama yangu, Mheshimiwa Spika. Ana kikohozi. Na leo angekuwa nyumbani asingepata hata maji ya kumezea dawa, kwa sababu mota ya pampu yetu imeungua. Naomba mota." Hakuna aliyecheka. Akasema, "Nimemaliza." Akakaa.

Nikamuuliza nani alikohoa.

Bi Pazia akanifunga kilemba vizuri, akakaza fundo. "Hakuna aliyekohoa, jirani. Amekaa mwenyewe."

Alhamisi, 12 Juni

Waziri amejibu. Ametaja zahanati yetu, ametaja mota, na ametaja "yule mama mwenye kikohozi." Sasa nimo kwenye kumbukumbu za bunge kwa ugonjwa.

Nimepigwa marufuku jukwaa la wageni mpaka kikao hiki cha bunge kiishe. Katibu ndiye aliyeniletea habari. Ujumbe huo kaufikisha upesi!

Mwanangu amerudi nyumbani anatembea kama mwenye nyumba. Ameniketisha, amenishika mikono. Anasema alipotazama juu na asinione, alidhani maneno yatakimbia kama siku zote. Lakini safari hii alijua nipo nje ya mlango, nimetolewa kwa ajili yake, akaona haya kukaa kimya. Anasema sasa ameweza. Anasema nisijisumbue tena kuja. Kwa upendo kasema, na chai kaninywesha mwenyewe.

Nimefurahi. Nimekasirika. Nimefurahi tena. Halafu nimekaa nikafikiri vizuri, na nimeona jambo ambalo wote hawalioni. Nisingekohoa, nisingetolewa. Nisingetolewa, asingesema. Kwa hiyo aliyemsemesha ni nani? Ni kikohozi changu! Nimemweleza Bi Pazia ndani ya gari njia nzima ya kurudi. Ameegemea dirisha amefumba macho, amezidiwa na hoja.

Alhamisi, 3 Julai

Mota imefika. Imeletwa na mafundi wawili kwenye lori, imefungwa kwenye maboksi yenye vumbi kuliko mimi siku ile. Nikawauliza imetengenezwa wapi upesi hivyo. Wakasema haijatengenezwa, ilikuwa boharini muda wote, ilikuwa inangoja kutajwa. Kutajwa! Kama bibi harusi nyuma ya pazia. Sisi tumeshuka bondeni na ndoo, na yenyewe imekaa kwenye kivuli inasubiri mtu aiite jina.

Mafundi wamefunga, wamekaza, wamewasha. Imenguruma, imetapika maji mekundu, halafu meupe. Muuguzi amefungua bomba la chumba cha uzazi, akalifunga, akalifungua, akalifunga, kama hajawahi kuona bomba. Kisha akakusanya ndoo zote za mlangoni, akazipanga nyuma ya jengo apandie mchicha. Mimi nilinawa uso hapo hapo. Bi Pazia akaninyunyizia. Nikamnyunyizia. Wazee wazima! Wanawake wengine wakaona wasituache peke yetu. Mstaafu akaanza "Mheshimiwa Spika," akamwagiwa ndoo.

Diwani mpya, yule fundi baiskeli aliyechukua kiti cha mwanangu, alikuja kupiga picha na mota. Akatakiwa kusema neno kwa wananchi. Akafungua mdomo, akafunga. Akaangalia viatu vyake. Akasema anashukuru.

Nikamtazama sana yule kijana. Mama yake alikuwa pembeni, ana aibu.

Jumapili, 6 Julai

Mama yako amepiga simu. Ameuliza kama maji yapo kweli au ni maneno yangu. Nikamwekea simu chini ya bomba asikilize. Nikasikia anapenga kamasi, nikajua analia, huyo naye amerithi ubishi wangu lakini macho ya baba yake. Amesema utakuja. Kwa hiyo soma vizuri, huu ndio ukurasa wako.

Lakini kwanza nikumalizie habari. Mjomba wako sasa anasema kila wiki. Jana nilikwenda kwa Bi Pazia kumtazama kwenye televisheni, siku hizi ananiwekea kiti chenye mto. Mwanangu amesimama, si nyuma ya nguzo tena, amesogezwa. Anasema habari za madaraja. Anasema vizuri, nikafunga kilemba. Akaendelea! Nikaona sasa panatosha, nikakohoa kidogo tu pale mbele ya kioo. Akakaa. Saa ile ile! Nikawageukia wateja, mmeona? Hata kupitia waya! Bi Pazia anasema yalikuwa marudio ya Alhamisi na alishakaa tangu Alhamisi. Huyo mwanamke hakosi la kunivunja moyo. Marudio yanakoholewa vile vile.

Marufuku yangu ya jukwaani yanakwisha kikao kikiisha, na kikao kijacho nimo. Mwanangu hajui bado. Ni mshangao.

Wakati huo huo mama wa diwani mpya alikuja hapa kwangu ameinamisha kichwa. Mwanawe ana mambo mengi kichwani, ila ukumbini yanakwama. Nikamwambia mwana wa mwenzio ni wako, nitakaa mimi. Alhamisi tunaanza. Na safari hii nimekuwa mwangalifu, watu wasiseme sijifunzi. Kikohozi nimekifuta kabisa, kikohozi ni cha hatari, mtu yeyote anashikwa na mafua. Alama mpya ya kukaa chini ni chafya.

Basi, ukija, njoo na mtoto tumboni na nguo zako tu. Ndoo iache huko huko. Ukinikosa nyumbani usinisubiri mlangoni kama mgeni, njoo ukumbi wa halmashauri, benchi la wananchi, karibu na mlango. Ingia kimya, kaa ubavuni kwangu, weka mkono wangu tumboni kwako nisalimiane na huyo. Na usijipake manukato.